Kabureta ya Mtani

Injini ilikaa juu ya meza ya kulia chakula, pale pale ambapo hotpoti hukaa, na Firdausi hakuwa na wa kumshitakia. Angemshitakia nani? Mume ndiye aliyeiweka, na mama mzazi wa Firdausi mwenyewe ndiye aliyeibariki. Aliporudi kutoka kazini alikuta kitambaa cha meza kimekunjwa kando, magazeti yametandikwa, na juu yake chuma kizito cheusi kimegandwa na mafuta ya miaka na vumbi la Maneromango. Akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Kitwana, hapa tunakula wali."

"Tutakula mkekani," akajibu mumewe bila kuinua kichwa. "Wazee wetu walikula mkekani wakafa na meno yao."

"Na hiyo harufu?"

"Harufu ya baba yako hiyo," akasema mama yake, Bi Hajira, kutoka kwenye kochi.

Firdausi akaushusha mkoba. Tangu mama yake atoke eda na kuletwa Kibaha kutoka kijijini Maneromango, kwenye nyumba hii ya upande wa Tumbi, maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Anaamka, anaswali, anakaa. Ukimpa chakula anakula, usipompa haulizi. Kama injini juu ya meza ilikuwa imemfanya aseme, basi na ikae.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Honda ya zamani, ya enzi zile marehemu Mzee Khalfani alipokuwa bwana shamba wa korosho. Alizunguka nayo vijiji vya Kisarawe masika na kiangazi, alipostaafu akauziwa kwa bei ya huruma, akaendelea kuzunguka nayo hata pale ambapo hakuna aliyemtuma. Bi Hajira aliipanda mara chache tu, tena kwa shida. Yeye kazi yake ilikuwa kuisikia. Ikifika kwenye kona ya mikorosho, kabla haijaonekana, anaitambua kwa mlio, anabandika maji ya chai. Mzee akiegesha, maji yanachemka. Ndoa yao yote ilikwenda kwa mtindo huo na hawakuwahi hata siku moja kuuzungumzia.

Baada ya eda kulikuwa na kikao cha familia. Mudathir, mtoto wa kwanza, wakala wa forodha huko Dar, mtu wa shati lililopigwa pasi hata Jumapili, akasema pikipiki iuzwe chuma chakavu, kwa kuwa imesimama siku nyingi na inajaza ua. Hapo ndipo Bi Hajira, ambaye hakulia siku ya msiba, hakulia siku ya tatu, hakulia edani, akafungua mdomo.

"Ningeisikia mara moja tu kwanza."

Watu wakaangalia chini. Kitwana, mkwe, mwalimu wa fizikia, mtu wa Muheza ambaye hakuulizwa, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Nitaitengeneza mimi."

Mudathir akacheka mpaka akafuta macho. "Shemeji, wewe unajua kuichora ubaoni. Haya! Siku ya hitima ya mwaka isipowaka, gari la vyuma chakavu linapakia jioni hiyo hiyo. Nimeshampa mtu neno."

Wote walicheka naye, ila wawili.

* * *

Tuseme ukweli, Mudathir hakukosea sana. Kitwana alikuwa amefundisha mipigo minne ya injini miaka na miaka na hajawahi kufungua hata moja. Alijifunza kwa video za simu, za watu wanaosema lugha asizozijua, akizisimamisha kila nati. Majirani walipita wakichungulia. "Mwalimu, umeacha chaki?" Yeye anacheka nao, halafu anarudi kwenye bisibisi yake.

Siku alipofungua kichwa cha injini alimwita mkewe.

"Firda, njoo uone."

"Nina kitunguu mkononi."

"Njoo nacho."

Akakamata shafti ya injini kwa mkono, akaizungusha taratibu. Pistoni ikapanda, ikashuka. Valvu moja ikafunguka, ikafunga. Ikafuata nyingine. Akazungusha tena, na kila kipande kikangoja zamu yake na kufanya kazi yake, hakuna kilichomgusa mwenzake. Firdausi alisahau machozi ya kitunguu yakamchuruzika mpaka kidevuni.

"Nani alikaa akafikiri hivi?" akauliza.

"Sijui. Nimewaambia watoto mwaka hadi mwaka kwamba valvu hufunguka. Wallahi, Firda, sikujua inafunguka hivi."

Kitu kimoja hakikuwepo. Mahali pa kabureta palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha kanga.

"Mama, kabureta iko wapi?"

Bi Hajira alisogeza punje moja ya tasbihi. "Ilichukuliwa."

"Na nani?"

"Ilichukuliwa tu, baba."

Mkwe hamkabi mama mkwe kwa maswali. Kitwana akaagiza mpya Kariakoo, akaendelea.

Asubuhi moja aliacha vipuri vimelowekwa kwenye karai la petroli akaenda shule. Aliporudi alikuta karai tupu. Akaangalia uani. Vipuri vyote vilikuwa vimepangwa kwenye kichanja cha vyombo, vinang'aa juani, pistoni katikati ya glasi, gia zimeegeshwa kwenye sufuria. Bi Hajira alikuwa amevisugua kwa majivu na makumbi ya nazi, kama anavyosugua masufuria yake tangu awe mwali.

"Nimekusaidia kidogo," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana kuridhika na nafsi yake.

Majivu yana mchanga. Mchanga ukiingia kwenye vitundu vya kupitishia mafuta, injini inajitafuna yenyewe. Kitwana alilijua hilo, lakini akatabasamu. "Ahsante sana mama. Vimetakata."

Akasubiri aingie ndani, halafu akavichukua kimyakimya nyuma ya choo, akaanza kupuliza kila kitundu kwa pampu ya baiskeli. Alifikiri haonekani. Lakini Bi Hajira alikuwa mama wa watoto watano, na mtu anayemficha kitu mama wa watoto watano anajisumbua. Alitazama dirishani, akamwona mkwe wake amechuchumaa juani anapuliza mavumbi yake yeye, na akaelewa. Kesho yake alikuja na bawa la kuku na bakuli la petroli, akakaa juu ya kigoda karibu kuliko inavyostahili mama mkwe kukaa na mkwe, akachukua gia.

"Nionyeshe vitundu viko wapi," akasema.

Wakasafisha pamoja mpaka adhuhuri. Unyoya uliingia pale ambapo kidole hakiingii.

* * *

Silinda Kitwana aliipeleka kwa Lusajo, Mnyakyusa mwenye karakana ya kuchonga vyuma pale Mailimoja. Alitia kidole ndani akaguna.

"Baba mkwe wako amekula chuma huyu. Imekuwa yai. Tunaipanua, unaweka pistoni kubwa kidogo. Na hizo pointi za kuwashia usizirudishe, mwalimu. Weka sidiai, kile kiboksi cha umeme. Cheche inakuwa kali, husumbuki na masika."

"Itabaki ile ile lakini?"

"Itakuwa bora kuliko ile ile."

Mashine ikazunguka, kisu kikashuka ndani ya silinda polepole, na chuma kikatoka vumbi laini la kung'aa. Lusajo hakuwa mtu wa maneno akiwa kazini. Alipomaliza aliifuta silinda kwa kanzu kuukuu, akamwambia Kitwana afumbe macho apitishe kidole.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hapo sasa," akasema Lusajo, na sura yake ikalainika.

Nyumbani Kitwana alisaga valvu kwa mkono, kulia kushoto, kulia kushoto, mpaka Firdausi akasema hata usingizini anamwona anasaga. Kisha akageuza kichwa cha injini, akamimina mafuta ya taa kwenye vikombe vya valvu, wakakaa watatu kuzunguka meza wakitazama kama yatavuja. Wali ulipoa. Hakukupita hata tone. Vyuma viwili vimegusana mpaka mafuta yamekosa njia! Bi Hajira aliinama akachungulia chini, akarudi juu, akasema, "Mungu amewapa watu akili, jamani."

* * *

Iliwaka Jumamosi asubuhi, kiki ya pili.

Watu wa mtaa walitoka. Vijana wa bodaboda waliacha kijiwe chao wakaja kuisikiliza, mmoja akasema, "Duh, ticha, ngoma imetulia hiyo!" Na kweli ilitulia. Haikukohoa, haikutoa moshi, ililalama kwa sauti nyembamba iliyonyooka. Kitwana, mikono imejaa grisi, alikuwa anacheka peke yake. Firdausi alimpigia makofi, tena kwa sauti. Usiniulize alikuwa ameikasirikia meza yake wiki ngapi. Siku hiyo aliisamehe yote.

Bi Hajira alikuwa amesimama kizingitini, kanga imefungwa kifuani. Alisikiliza. Alisikiliza sana, kichwa kimeinamia upande mmoja. Kisha akasema taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani.

"Nzuri. Ila si yeye."

Akaingia ndani, akakaa kwenye kochi, na jioni ile hata alipopewa chakula hakula.

Kitwana alizima. Vijana wakatawanyika. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nakwambia mwanaume yule alitaka kulia. Ameibomoa sauti ya marehemu kwa mikono yake, akaweka sauti ya kila bodaboda wa Kibaha. Ameiboresha mpaka imepotea.

"Kabureta," akasema Firdausi nyuma yake.

"Nini?"

"Baba alikuwa na kitu kinagonga kwenye kabureta. Ti, ti, ti. Ikiwa imesimama, inagonga. Sisi watoto tulikuwa tunaigiza." Akavuta pumzi. "Najua nani anayo. Nimeona aibu kukwambia."

Ndipo Kitwana akasikia habari ya msiba ambayo yeye, akiwa safarini Muheza siku ile, hakuiona na hakuna aliyemsimulia.

Mzee Khalfani alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wake mkuu alikuwa Ngeleja, Msukuma mfuga ng'ombe, aliyeishi kwanza Maneromango kabla ya kuhamia Janga na mifugo yake. Walitukanana miaka thelathini kwa mapenzi makubwa. Basi siku ya maziko Ngeleja alikuja kama mtani anavyokuja: kavaa koti la mvua la marehemu, kofia yake, kapinda bega la kushoto kama yeye, anapita katikati ya waombolezaji akidai Wazaramo wameuza mashamba wacheze ngoma na sasa hawana pa kuzikana. Wazee wakaanza kutabasamu. Akafika kwenye pikipiki, akafungua kabureta kwa spana, akaitia mfukoni. "Huyu mtumwa wangu haendi popote! Nimekizuia chombo chake mpaka nilipwe jogoo."

Jogoo mmoja. Ndiyo desturi, unatoa jogoo, mnacheka, mtani analainisha msiba na mjane anapata pa kuangushia machozi. Lakini Mudathir alikuwa amekuja na wakubwa zake wa kazini, wamesimama pale na miwani yao. Akaona aibu. Akamshika Ngeleja kola mbele ya jeneza.

"Toka! Mlevi we, mchunga ng'ombe mshenzi! Huu ni msiba, si soko la mnada!"

Mtani hanuniwi. Hata mtoto wa Maneromango anajua, mtani hanuniwi. Ngeleja alimtazama, akavua kofia ya marehemu, akaiweka juu ya kiti cha pikipiki, akaondoka. Hakujibu neno. Kina mama walisema baadaye kwamba mtani aliyenyamaza msibani ni kitu hawajawahi kukiona, na kwamba Bi Hajira, aliyekuwa ameshaanza kuvuta pumzi ya kilio, aliirudisha ndani. Tangu siku ile haikutoka.

* * *

Walimkuta Ngeleja zizini kwake Janga, mzee mrefu mwenye fimbo, anamkagua ndama kwato.

"Shikamoo baba," akasema Firdausi, akipiga magoti vumbini.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Mayu, mama yako, hajambo?"

"Hajambo mwili tu."

Mzee aliacha kwato. Aliwakaribisha kwenye viti, akawapa maziwa, akauliza habari za mvua, za njia, za shule. Kitwana alikuwa anakaa upande mmoja wa kiti kwa wasiwasi. Ngeleja aliingia ndani akatoka na kibati cha maziwa ya unga, akafungua kifuniko. Kabureta ilikuwa imelala ndani ya mafuta safi ya alizeti.

"Isipate kutu," akasema. "Kitu cha mtu."

Akaifuta kwa kiganja, akampa Kitwana. "Wewe ndiye mwalimu? Chungulia mdomoni mwake."

Kitwana akaielekeza kwenye mwanga. Pale ambapo hukaa kisahani cha choki, kile cha kuziba hewa injini ikiwa baridi, palikuwa na sarafu. Senti ishirini ya zamani, ile ya mbuni. Imepigwa tupa ukingoni kwa uvumilivu mpaka ikakaa sawasawa kwenye duara la kabureta, imefungwa kwenye kijiti chake kwa skrubu ndogo. Mbuni alikuwa amelika kwa hewa ya miaka, ila shingo yake bado ilionekana. Alipotikisa kabureta, sarafu ikacheza kwenye kijiti. Ti, ti, ti.

"Ya Rabi," akasema Kitwana. Video zote alizotazama, pistoni mpya, sidiai, na mlio uliokuwa ukimwinua mwanamke kutoka kwenye mkeka ulikuwa ni senti ishirini iliyolegea.

"Unajua ilikuwa ya nani?" akauliza Ngeleja.

"Ya marehemu?"

"Marehemu hakuwa na hata senti siku hiyo, Mzaramo gani ana senti?" Akacheka, kisha akaacha. "Uliza kwa Mudathir. Haya, rudisha."

Akanyoosha mkono. Kitwana alibaki ameishika.

"Baba, hitima ni Jumapili ijayo, na isipowaka siku hiyo inapakiwa chuma chakavu. Tumeleta jogoo. Tumeleta majogoo wawili."

"Nimewaona. Wazuri, wapelekeni nyumbani wakawike." Akaichukua kabureta kutoka mikononi mwake kwa upole, akairudisha kibatini. "Wewe hukunikosea, mwanangu. Nitakuja hitima. Nitasimama mpakani, kwenye mnazi wa mwisho. Aliyenitoa ndiye atakayeniingiza. Asiponiingiza, narudi na kibati changu, na hicho chuma kipakieni."

Njiani Firdausi alimpigia simu kaka yake. Akamweleza sharti la mzee, taratibu, kwa heshima ya mdogo kwa mkubwa. Upande wa pili sauti ikasema, "Firda, mimi nikamwangukie mchunga ng'ombe mbele ya watu? Acheni ushamba," na simu ikakatwa.

* * *

Siku ya hitima nyumba ya Maneromango ilijaa. Turubai lilifungwa uani, pilau ikapikwa nyuma, maustadhi wakasoma. Kitwana aliishusha Honda kutoka kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo, akaiegesha mahali pake pa zamani. Tundu la kabureta alikuwa ameliacha wazi; ile mpya aliitoa akaiacha Kibaha, na mkewe alimuuliza kama amerukwa na akili. "Kama si yeye, si yeye," akamjibu. Nje, kando ya barabara, gari la vyuma chakavu lilikuwa limeshafika, dereva anakula pilau ya marehemu bila aibu.

Dua ilipokwisha, watoto walikuja wakikimbia. "Kuna mzee amesimama kwenye mnazi!"

Shingo zote ziligeuka. Ngeleja alikuwa mpakani, amesimama juani na koti la mvua la marehemu, kibati kwapani. Haingii, haondoki. Watu wakamtazama Mudathir, aliyekaa mbele na kanzu nyeupe peee, na Mudathir akatazama simu yake.

Bi Hajira alikuwa kwenye mkeka wa wanawake. Alimtazama mwanawe tu, bila hasira, kama anavyotazamwa mgeni asiyejulikana atakaa siku ngapi.

Mudathir aliinuka. Labda alitaka kwenda kumfukuza tena, labda hata yeye hakujua. Alitembea mpaka kwenye mnazi, na watu wakamfuata kwa mbali, Kitwana mbele yao.

"Mzee," akasema Mudathir, "unataka nini?"

Ngeleja akafungua kibati, akaigeuza kabureta, akaishika chini ya macho ya Mudathir. "Unamjua ndege huyu?"

Mudathir akaangalia. Akainama zaidi. Mwanaume yule akabadilika uso mbele ya kadamnasi, na shati na kanzu na Dar nzima vikamdondoka.

"Hii ni... Nilifikiri aliitupa."

"Ilikuwa Idi. Ulikuwa umeng'oka meno ya mbele, mapya hujaota. Choki imekatika, baba yako ana safari ya miche, hana kipuri. Ukamletea mbuni wako wa sikukuu ukamwambia, 'Baba, chukua, ni duara.' Nilikuwepo, nilikucheka sana. Akakaa uani anapiga tupa mpaka magharibi. Kila alipokwenda, mpaka anaacha kuendesha, alikuwa na wewe mdomoni mwa injini. Alinikataza kukwambia. Alisema utataka urudishiwe hela yako, Wazaramo mnajulikana."

Mudathir alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine. Akapiga magoti kwenye mchanga na kanzu yake.

"Nisamehe, baba. Niliona haya mbele za watu."

"Na sasa huoni?"

"Naona."

"Basi safi. Inuka, mtumwa wangu, jogoo wangu yuko wapi?"

Kicheko kikapasuka kuanzia kwa wazee, kikasambaa mpaka jikoni. Kitwana alipokea kabureta akaikimbiza kwenye pikipiki. Nati ikamponyoka mchangani, akaitafuta kwa magoti, akaipata, akaikaza. Ngeleja akapanda, akapinda bega la kushoto. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.

"Haitaki," akasema Ngeleja kwa sauti ya marehemu ile ile, ya kukwaruza, mpaka kina mama wakashika vifua. "Mudathir! Njoo usukume, mvivu mkubwa!"

Mudathir akakunja kanzu akasukuma. Akasukuma mpaka kwenye mteremko, jasho linamtoka, na hapo injini ikakohoa, ikashika, ikamtemea moshi kanzuni. Ti, ti, ti. Ngeleja akaenda nayo bega limepinda, akimpigia honi kila mbuzi, akapotea nyuma ya mikorosho, mlio ukafifia mpaka ukaisha.

Uani hakuna aliyesogea. Maustadhi walisimama na sahani mkononi. Dereva wa vyuma chakavu alivua kofia bila kujua kwa nini. Upepo tu.

Halafu, kwa mbali, kwenye kona, ti, ti, ti.

Bi Hajira aliinuka kwenye mkeka. Hakumwambia mtu, hakumtazama mtu. Aliingia jikoni, akasogeza sufuria la pilau, akachota maji, akabandika chai. Honda ikaingia uani, ikaegeshwa mahali pake, ikaachwa inagonga. Ngeleja akashuka akiwa ameshika kiuno, akapangusa miguu mlangoni mara mbili kama marehemu, akachungulia jikoni.

"Mama Mudathir, chai ipo?"

"Ipo," akasema Bi Hajira, mgongo umemwelekea. "Umechelewa leo."

Na hapo akakaa chini kando ya mafiga, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia. Firdausi alitaka kumkimbilia, Ngeleja akamzuia kwa mkono. Mlangoni Mudathir alisimama na masizi yake, pembeni yake Kitwana na grisi yake, na hakuna aliyezima injini. Alilia mpaka maji yakachemka, na hakuna aliyemnyamazisha.